UZI: Ndege ya kujiundia, mawingu ya Mtwara, na mstari wa skrini unaokuambia "shuka"

FundiShangani (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna kijana wetu wa hapa Mtwara anaishi Marekani. Anakaribia kumaliza ndege yake ya viti viwili, zile RV za Van's Aircraft. Unanunua vipande vya alumini, unatoboa, unapiga ribiti mwenyewe gereji mpaka ndege inasimama. Ndoto yake ni kuja kuirusha nyumbani, Dar mpaka Mtwara. Ameniuliza hivi: akikuta mawingu yamelala juu ya mji mwezi wa Februari, na yeye ana skrini mbili, GPS nzuri na otopailoti, je, anaweza kushuka ndani ya wingu mpaka aione ranwei?

Mimi ni fundi wa umeme na redio za ndege, na leseni ya kuruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma vipimo bila kuona nje, ninayo. Nimeona nimjibu hapa ili wengine wachangie, maana najua humu mna marubani, manahodha na watu wanaoisoma hali ya hewa ya kusini kuliko mimi.

Sheria naipitia haraka. Marekani ndege ya kujiundia inaruhusiwa kuingia mawinguni. Kwa kawaida inapewa kwanza saa za majaribio, 25 au 40 kutegemea injini na pangaboi, na baada ya hapo inabaki kuruka mchana na kwa kuona tu, mpaka iwe imefungwa vifaa vyote ambavyo sheria inavitaka kwa urukaji wa vyombo. Wengi wanavifunga na wanaruka hivyo kila wiki. Lakini cheti chao hakifikii viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa hiyo kila nchi wanayoingia lazima iwape ruhusa yake. Huku mlango ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Bila karatasi hiyo hakuna cha wingu wala cha jua.

Sasa kiini. Aprochi ni njia ya angani iliyopimwa. Watu wameangalia vilima, minara na miti, wakachora uelekeo na kimo cha kila kipande, kisha wakaweka sakafu: ukifika hapa hujaona ranwei, panda juu tena. Na sakafu hizo hazilingani.

ILS ina miale miwili ya redio, mmoja wa kushoto na kulia, mwingine wa kushuka kwa nyuzi 3. Ile ya daraja la kwanza inakufikisha futi 200 juu ya ranwei. JNIA, uwanja wa Dar, wanayo, ranwei 05. Upande wa pili kuna aprochi zinazokuongoza kushoto na kulia tu: VOR na NDB, za vituo vya redio vya ardhini, na ile ya GPS inayoandikwa LNAV. Kushuka ni juu yako. Chati inakupa vimo, na cha mwisho usikivuke kwenda chini kabla hujaiona ranwei.

Katikati kuna kitu kinaitwa LPV, na hapa ndipo kijana wetu anapoweza kuumia. Marekani wana mfumo wa WAAS tangu 2003. Vituo vya ardhini vinapima makosa ya GPS, marekebisho yanarushwa kwa setilaiti, na kasanduku kadogo ndani ya ndege kanapata mteremko wa kuaminika kama wa ILS. Ulaya wana EGNOS, iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo mwaka 2011. Huyu kijana amejifunzia huko. Amezoea kushuka na ndege ndogo mpaka futi 200 kwenye viwanja ambavyo havina hata mlingoti wa redio.

Kwetu kusini huduma hiyo hakuna. WAAS haituhudumii, EGNOS haituhudumii. Ndege ni ile ile na kasanduku ni kale kale, lakini akifika juu ya Mikindani alichobaki nacho ni LNAV: kushoto na kulia.

Na skrini haitanyamaza. Hizi skrini za kisasa za ndege za kujiundia zinaweza kumchorea mteremko wa nyuzi 3 kuelekea ranwei yoyote iliyomo kwenye hifadhidata yake. Mstari mzuri, alama ya almasi inateleza katikati, otopailoti ikipewa ruhusa inaufuata. Mstari huo umetoka kwenye hesabu ya pembe tatu, ncha ya ranwei na nyuzi 3 basi. Hakuna aliyekwenda kuangalia mnara wa simu uliosimamishwa juzi wala minazi iliyo chini yake.

Namwambia hivi: mstari huo autumie kupanga kasi ya kushuka. Sakafu anaichukua kwenye chati.

Mlindi_Halisi

Uzi mzuri mkuu. Mimi si rubani ila nafuatilia. Swali: kama GPS inajua ndege iko wapi kwa mita chache, kwa nini kushuka kuwe tatizo? Simu yangu hapa Kikwetu inanionyesha mpaka mlango wa duka.

FundiShangani

Swali la maana, kaka. Setilaiti zote unazozipokea ziko juu yako, hakuna hata moja chini ya miguu. Kwa sababu hiyo kosa la kwenda juu na chini siku zote ni kubwa kuliko la pembeni. Halafu simu ikikosea mita 30 utapita mlango, utarudi. Rubani haombi usahihi peke yake, anaomba kifaa kimwambie upesi kikianza kudanganya. GPS ya ndege inajikagua yenyewe kwa setilaiti za ziada: inahitaji 5 kugundua kwamba mojawapo imeharibika, na 6 kuitambua na kuitupa. Ukaguzi huo unatosha kwa kushoto na kulia. Kwa kushuka mpaka futi 200 hautoshi, ndiyo maana wenzetu wakajenga vituo vya ardhini.

Kuna jambo jingine la ukanda huu wa tropiki. Lile tabaka la juu la hewa lenye chaji, ayonosfia, kwetu linachafuka sana jua likishazama, hasa kuelekea miezi ya Machi na Septemba. Mawimbi ya setilaiti yakipita humo yanacheza. Ni moja ya sababu mifumo ya aina ya WAAS ni migumu kuijenga karibu na ikweta kuliko Ulaya.

BintiNewala

Mkuu FundiShangani, shikamoo. Nasomea urubani, niko hatua za mwanzo. Naomba utupigie hesabu ya hiyo LNAV. Kwenye vitabu inaonekana rahisi: shuka mpaka kimo cha chini, nyoosha, subiri uione ranwei, tua. Shida iko wapi?

FundiShangani

Marahaba binti. Hesabu hii ningependa kila mtu aifanye kwa kalamu yake.

Chukua mfano, siyo namba za chati ya Mtwara, hizo utazisoma kwenye AIP, kitabu cha taarifa za anga cha TCAA, na uangalie ni toleo linalotumika. Tuseme kimo cha chini ni futi 500 juu ya ranwei. Mteremko wa nyuzi 3 unapoteza karibu futi 318 kwa kila maili moja ya baharini, na unavuka ncha ya ranwei kwa futi 50 hivi. Kwa hiyo unapofika futi 500 ukiwa kwenye mteremko, bado uko maili 1.4 kutoka ranwei, kama kilomita 2.6. Mvua ya Februari ikishusha upeo wa kuona mpaka kilomita 2, pale ulipo huoni kitu. Ni kijivu mbele na kijivu pembeni.

Kwa ILS ungefika futi 200 ukiwa mita 900 hivi kutoka ranwei. Kwenye kilomita 2 za kuona, taa zingekuwa zimeshakuita.

Sasa mtu wa kwenye kitabu ananyoosha kwenye futi 500, anaendelea mbele, na ghafla ranwei inatokea ikiwa kilomita 1. Kwa kasi ya noti 90 (maili za baharini kwa saa) ana sekunde 22 hivi kufika pale. Atahitaji kushuka kwa kasi ya futi 1,250 kwa dakika, karibu mara tatu ya kawaida, akiwa chini, kioo kimejaa maji. Na ndege hizi za RV ni laini, hazina vitu vingi vya kukamata upepo. Ukiinamisha pua kidogo kasi inaruka juu, halafu ukifika kwenye lami haitaki kukaa.

Ndiyo maana nasema anyooshe mteremko mmoja tangu alama ya mwisho kwenye chati, pale kushuka kwa mwisho kunapoanzia, asiende kwa ngazi. Chukua kasi yako juu ya ardhi, zidisha kwa 5, hiyo ndiyo futi kwa dakika. Noti 90, futi 450. Upepo wa mbele ukikuacha na noti 75, futi 375. Kasi hiyo ikikaa vizuri, mkono hauna kazi kubwa. Akikaribia kimo cha chini, tuseme bado futi 50, na hajaona kitu, anapaa wakati huo huo. Hanyooshi hata kidogo kutafuta. Futi hizo 50 ni za ndege kumalizia kuzama wakati pua inapanda.

KoroshoNaAnga

Wakuu, kwa nini asisubiri? Mvua za kwetu za msimu zinaanza Novemba au Disemba mpaka Aprili, Mei. Nyingi zinapiga mchana na jioni halafu kunafunguka. Kijana alale Dar, aje asubuhi. Sioni sababu ya kuhatarisha roho kwa ajili ya kuona mawingu kwa ndani.

FundiShangani

Mkuu, umesema neno na ninaliunga mkono kwa asilimia zote. Ndege ndogo isikaribie kabisa wingu la radi, iwe na skrini kumi. Rubani wa RV hana rada ya hali ya hewa puani. Siku za kimbunga hazina hata mjadala: tulimwona Kenneth Aprili 2019 akitua Cabo Delgado, hapo ng'ambo ya Ruvuma, na Hidaya Mei 2024 akatukatia barabara ya Dar.

Ila kuna hali nyingine. Wingu la tabaka, tulivu, limelala futi 900 asubuhi. Hewa chini yake ni safi, halina radi, halina mrusho. Wanaoruka kwa kuona wanatakiwa kuwa na kilomita 5 za kuona, mita 1,500 pembeni ya wingu na futi 1,000 chini au juu yake, kwa hiyo hawaruhusiwi. Mwenye leseni ya vyombo anashuka, anatokea chini ya wingu kwa futi 900, anaiona ranwei yote ya Mtwara, anatua kwa amani. Kwangu hii ndiyo kazi halali ya aprochi kwa ndege ndogo. Ya mvua nzito na upeo wa kilomita 2 aiache.

Na barafu, jambo linalowaua wengi kwenye ndege ndogo huko Marekani na Ulaya, huku chini halipo. Hewa ya kuganda kwetu iko juu sana, kwenye futi 15,000 na zaidi. Hiyo ni neema ya kusini.

Nahodha_Mikindani

Salaam kwenu vijana. Mimi ni mtu wa bahari, nauliza kwa uzoefu wa huko. Usiku usio na mbalamwezi, ukitoka Msimbati kuja huku, bahari na mbingu vinakuwa kitu kimoja, huna mstari wa upeo. Sisi tuna dira na tuna mwendo wa mawimbi miguuni. Huyu wa angani miguu yake inamwambia nini?

FundiShangani

Shikamoo mzee wangu. Miguu inamdanganya, na hili ndilo ningetamani kila mwenye ndege alijue.

Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu yenye maji, ndiyo inayokuambia unageuka. Ukianza kupinda, maji yanabaki nyuma, unahisi. Ukiendelea kupinda kwa kasi ile ile kwa sekunde kama 20, maji yanashika mwendo wa mfereji na unahisi umenyooka. Hapo ukiinyoosha ndege kweli, mwili unakuapia kwamba unapinda upande wa pili, na mkono unataka kuirudisha. Ndege inaingia kwenye mzunguko wa kushuka, na kila ukivuta usukani mzunguko unakaza.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kilijaribu watu 20 wasiofundishwa vyombo, wakawanyima kuona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti. Kwa wastani ilichukua sekunde 178. Linganisha na aprochi: maili 5 kutoka alama ya mwisho mpaka ranwei, kwa noti 90, ni sekunde 200.

Kuhusu bahari umegusa penyewe. Ranwei ya Mtwara ni 01/19, karibu kaskazini na kusini. Wakati wa kusi, upepo ukitoka kusini mashariki, mara nyingi utatua 19, yaani unatokea upande wa bahari, unapita juu ya mji, uwanja uko mbele. Usiku mbele yako kuna taa na chini yako kuna weusi mtupu. Jicho likikosa kitu cha kulinganisha linakudanganya kwamba uko juu mno, unashuka zaidi. Kwa ndege ya kujiundia na rubani mmoja ningemwambia usiku aje siku ambayo nyota zinaonekana, na altimita aisome kwa sauti.

MtuWaBati

Fundi, mimi ni mtu wa kuchomelea na bati. Umezungumza mengi ya skrini. Hebu tuambie ya kiwandani: mtu aliyeiunda ndege mwenyewe gereji, ni wapi anaweza kuharibu halafu ikaja kumfunga kwenye wingu?

FundiShangani

Asante sana mkuu, hili ndilo eneo langu. Kwenye ndege ya kiwandani mtu mwingine ameshajibu maswali haya na kuyatia saini. Kwenye ya kujiundia, wewe ndiye kiwanda.

Anza na tundu la statiki. Ni katundu kadogo ubavuni mwa ndege, karibu na mkia, kanakopeleka mgandamizo wa hewa ya nje kwenye altimita na kipima kasi. Kwenye RV kiwanda kinakuelekeza utumie ribiti ya kawaida, msumari wake umetolewa, kichwa chake cha mviringo kikiwa nje. Inaonekana kama kazi ya haraka haraka. Watu wanaopenda unadhifu wanaitoa, wanaweka tundu la kununua lililolala bapa na bati. Kumbe kile kichwa cha mviringo ndicho kinachosumbua hewa kwa kiasi kinachotakiwa, na wengi waliokibadilisha walikuta altimita na kasi havisemi kweli. Ndege inapendeza, namba ni za uongo. Ukiruka mchana hujui. Ukiwa futi 500 ndani ya wingu, kosa la futi 100 ni sehemu ya tano ya uhai wako.

Kisha mirija. Unavuta hewa taratibu kwenye tundu la statiki mpaka altimita ipande futi 1,000 juu ya kimo cha uwanja, unabana, unaangalia saa. Kwa kanuni ya Marekani, baada ya dakika 1 isiwe imeshuka zaidi ya futi 100, na kipimo kinarudiwa kila baada ya miezi 24 pamoja na cha transponda, kifaa kinachoijibu rada. Mimi nikiona sindano inatambaa naanza kupapasa viungo kimoja kimoja kwa kidole, na mara nyingi ni kiunganishi cha plastiki nyuma ya dashibodi, pale ambapo mtu alikuwa amelala chali na tochi mdomoni, akakisukuma nusu.

Mrija wa pito, ule wa kupima kasi: Mtwara tuna nyigu wa udongo, mnawajua. Ndege ikilala nje siku chache bila kifuniko, wanajenga humo ndani. Boeing 757 ya Birgenair ilianguka karibu na Puerto Plata tarehe 6 Februari 1996, watu wote 189 walikufa, na wachunguzi waliona kilichoelekea zaidi kuziba mrija ni kiota cha nyigu. Ile ilikuwa na marubani zaidi ya mmoja. Kifuniko chekundu chenye utepe mrefu kila inapoegeshwa, na kwenye mbio za kuruka angalia kasi inaamka. Haijaamka, kata moto.

Antena nayo. Mwenye ndege ya faibaglasi anaweza kuzificha ndani ya mwili, mawimbi yanapita. Mwenye kaboni asijaribu, kaboni inazuia. Kwenye ndege ya bati watu huficha antena ya VOR ndani ya ncha ya bawa ya faibaglasi ili isikamate upepo. Inafanya kazi, ila uipime pande zote kwa kuzunguka duara angani kabla hujaitegemea.

Na umeme. Ndege hizi siku hizi ni umeme mtupu: skrini, otopailoti, wakati mwingine hata mwasho wa injini. Jenereta ikifa mawinguni unabaki na betri. Nataka kuona kifaa kimoja cha kuonyesha mlalo wa ndege chenye betri yake ndani, kisichotegemea waya wa ndege. Garmin G5 kwa mfano inaweza kupata betri ya mpaka saa 4. Tena nataka mwenye ndege azime swichi kuu angani siku ya jua, aone kwa macho yake nini kinabaki hai na kwa dakika ngapi. Makaratasi ya betri hayatoshi.

BintiNewala

Nimejifunza mno. Swali la mafuta: akipaa upya aende wapi? Lindi ni hapo tu.

FundiShangani

Lindi ni kilomita 70 hivi kwa anga. Wingu la tabaka lililofunika Mtwara linaweza kabisa kuwa limefunika na Kikwetu, uwanja wa Lindi. Ukaribu usimdanganye. Uwanja wake mbadala uwe mahali penye hali ya hewa tofauti na, ikiwezekana, penye ILS. Kwa njia hii maana yake ni Dar yenyewe.

Dar mpaka hapa ni kama maili 216 za baharini. Kwenda na kurudi ni 432, kwa noti 150 ni karibu saa 2 na dakika 53. Weka dakika 20 za aprochi na kupaa, weka akiba ya dakika 45. Inafika karibu saa 4. RV-7 inabeba galoni 42 za Marekani, yaani lita 159. Ikinywa lita 32 kwa saa, ana karibu saa 5. Inatosha, lakini kwa matangi yaliyojaa mpaka kooni alipotoka Dar, na kama mzigo umepimwa ukaruhusu. Na asipange kujaza huku kabla hajapiga simu kuuliza petroli ya ndege ipo.

Yaani akija na mafuta ya kuja tu, akifika juu ya wingu ameshafungwa kamba. Mtu asiye na pa kwenda ndiye anayeanza kuuamini ule mstari wa skrini.

Mlindi_Halisi

Umenikumbusha ajali ya ndege ya Bukoba, 6 Novemba 2022. Ndugu zetu 19. Tangu siku ile nikisikia ndege inazunguka juu ya Lindi kwenye mvua natoka nje.

FundiShangani

Mungu awarehemu. Wengi wetu tunaofanya kazi hii hatujaisahau siku ile.

Nirudi kwa kijana. Kuna mambo mawili ya altimita nimemwandikia pembeni, nayaweka na hapa. Mgandamizo wa hewa auchukue wa Mtwara, siyo aliotoka nao Dar. Kila hektopaskali moja ni karibu futi 30 huku chini, ukikosea 10 umekosea futi 300, na sakafu yote ya mfano wetu ni 500. La pili ni joto. Vipimo vinadhani usawa wa bahari ni nyuzi 15, sisi tuna 30 na zaidi. Kwenye joto hilo uko juu kidogo kuliko altimita inavyosema. Kwa usalama ni afadhali, ila akifuata mteremko wa altimita ataiona ranwei ikiwa imesimama zaidi ya alivyozoea. Asishangae akaanza kusukuma pua.

RubaniWaMtama

Naongeza moja kama rubani. Mazoezi. Kwa Marekani ili uendelee kuruhusiwa kwenye vyombo unatakiwa uwe umefanya aprochi 6 ndani ya miezi 6, pamoja na kuzunguka kwenye kituo cha kusubiri na kufuata njia. Kwa ndege nyepesi ya kujiundia mimi naona hiyo ni kidogo. RV inageuka kwa vidole viwili, jambo zuri siku ya jua. Ndani ya wingu ukiinama kuokota kalamu, ukiinua kichwa bawa limeshalala. Afanye nusu ya mazoezi otopailoti ikiwa imezimwa, amevaa kofia ya kuzuia kuona nje, na rubani mwenzake kakaa pembeni anaangalia. Na kupaa upya akufanye mara nyingi kuliko kutua. Mwendo wenyewe ni nguvu, pua, kasi, ndipo uguse redio. Waongoza ndege watasubiri.

FundiShangani

Mkuu RubaniWaMtama, hilo la otopailoti naliwekea mkazo. Pia iwe na kitufe cha kuikata kwenye usukani, pale kidole gumba kinapofika bila kutafuta. Nimeona ndege za kujiundia kitufe kiko kwenye dashibodi upande wa abiria.

KoroshoNaAnga

Basi mkuu, kwa kifupi unamshauri aje au asije?

FundiShangani

Aje. Nataka aje. Kijana wa Mtwara aliyeiunda ndege kwa mikono yake akitua kwenye ranwei yetu, watoto wa Shangani na Chikongola watakuwa kwenye uzio tangu alfajiri, na mimi nitakuwa mbele yao.

Mara ya kwanza aje kwa kuona, kipindi cha Juni mpaka Agosti. Akiwa hapa, siku ya anga safi, airushe aprochi iliyochapishwa mwanzo mpaka mwisho, mwenzake akiangalia nje. Aone ule mstari wa skrini unapita wapi na chati inasema nini, aandike tofauti kwa futi, kila maili. Aangalie minara iliyopo sasa hivi. Baada ya hapo ndipo tuzungumze mawingu ya futi 900.

Kabla ya yote nimemwomba picha mbili: tundu la statiki kwa karibu, na nyuma ya dashibodi pale mirija inapokutana. Akizituma nitazipandisha hapa MtuWaBati azitazame. Na kama kuna mtu Mtwara au Lindi mwenye pampu ndogo ya kuvuta hewa yenye geji inayoweza kushika hektopaskali 35 bila kuvuja, anicheki PM. Yangu imeanza kupoteza na sitaki kuitumia kwenye ndege ya mtu.